Swali la Bwana Jamhuri

Kila nilipokuwa nashona mtu asubuhi, kabla sijakata uzi wa mwisho, mlango wa chumba cha vidonda cha zahanati ulifunguliwa bila hodi na Jamhuri akaingia. Hakuhitaji kuitwa. Karatu ya miaka ile ilikuwa mji wa barabara moja ya vumbi, na damu ikimwagika mnadani au kilabuni, habari zilimfikia yeye kabla majeruhi hajafika kwangu. Alivaa koti la suti la kahawia lenye viraka viwikoni. Alisimama kichwani kwa mgonjwa, akakikagua kidonda kama fundi cherehani anavyokagua mshono wa fundi mwenzake, kisha akauliza swali lake, lile lile kwa kila mtu.

"Aliyekufanyia hivi, alikuwa analia au anacheka?"

Mara ya kwanza nilidhani ana wazimu. Mgonjwa alikuwa kijana aliyepasuliwa kichwa kwa rungu, anatapika, hajui hata siku, na huyu bwana anamuuliza mambo ya kilio na kicheko. Nilimwambia atoke. Hakutoka. Akaniambia kwa upole kwamba majina watu huyasahau na sura huzichanganya, lakini hakuna aliyepigwa akasahau uso wa mpigaji ulikuwaje. Anayelia, alisema, nitamkuta nyumbani kwake. Anayecheka, inabidi nimkimbilie kabla hajatafuta mwingine.

Alikuwa mwendesha mashtaka wa polisi. Mahakamani kazi yake ilikuwa kusimama upande wa serikali na kusema Jamhuri inadai hivi, Jamhuri inaomba vile, na alilitamka neno hilo kwa sauti nzito, kifua mbele, hata watu wakaona limemkaa vizuri kuliko jina alilopewa na wazazi wake. Watoto walimwamkia "Shikamoo Jamhuri," naye akaitikia bila kucheka. Kwao sikujui. Wengine walisema ni mtu wa Singida, wengine wa Tabora, na mimi sikuuliza, maana kazi yangu ya unesi ilinifundisha kumjua mtu kuanzia pale alipoumizwa.

Nilimheshimu, nikamchukia, kisha nikamheshimu tena kwa shingo upande. Alimfunga mtu wa kijiji cha Daa asiye na hatia, akaja kujua kwamba hana hatia, na akamwacha gerezani. Hilo nalisema mapema ili mtu asije akadhani nataka kumpamba.

Ujasiri wake lakini ulikuwa wa kweli, na niliuona kwa macho yangu siku ya mnada. Mwizi alikuwa amekamatwa na ndama asiye wake. Watu walishamwangusha, mawe yanatafutwa, mama mmoja tayari alikuwa amempiga na sufuria usoni. Nilikuwa nimekwenda kununua vitunguu. Jamhuri alipenya katikati ya watu na koti lake, akamtazama yule mtu aliyelala chini, akageuka, akamkalia. Alimkalia kifuani kama mtu anavyokalia benchi, akatoa sigara, akaiwasha. Kisha akawaambia wenye mawe kwamba anayetaka kurusha na arushe, ila ajue jiwe lake litaipiga Jamhuri, na Jamhuri ina kumbukumbu nzuri.

Sigara iliisha na watu wakaanza kurudi kwenye mbuzi wao. Yule mwizi nililetewa mimi, mbavu zimevunjika. Si kwa mawe; ni kwa makalio ya aliyemwokoa. Alilalamika mpaka siku anapelekwa gerezani, anamwambia kila mtu kwamba raia walimpiga kidogo tu na serikali ndiyo iliyommaliza.

Hakupenda askari wapige watuhumiwa. Wakati mmoja walimleta mahakamani mtu aliyekuwa anatembea kwa magoti kwa sababu nyayo zake zilikuwa zimevimba kwa fimbo. Mtu huyo alikuwa ameshakiri kila kitu, na pengine angekiri hata kuiba mlima. Jamhuri alisimama, akamwambia hakimu kwamba Jamhuri inaomba kuondoa shitaka, akakaa. Ukumbi ulinung'unika, maana jirani aliyeibiwa alikuwa pale pale na kila mtu alijua kesi ilikuwa imeiva. Alipotoka nje alimwita askari aliyempiga yule mtu, akavua mkanda wake wa suruali, na mbele ya ngazi za mahakama akamchapa nao mpaka chuma chake kikampasua mdomo. Huyo naye nilimshona mimi. Nilimuuliza Jamhuri tofauti yake na askari yule ni nini. Akasema yeye hakuwa anatafuta jibu.

Mkono wake ulikuwa mwepesi hivyo, na bado mtu huyo huyo hakuweza kuona kuku akichinjwa. Kuku wake alimpelekea jirani mwenye duka, Mwislamu mmoja mpole, ili amchinje. Kisha aliingia ndani, akafunga mlango na dirisha, akapandisha sauti ya redio mpaka aitwe kwamba tayari. Jirani alimtania sana kwa hilo. Jamhuri alimjibu kwamba kuku hana kesi.

Walionikasirisha zaidi kuliko wakata mapanga walikuwa wake zao. Mwanamke anaingia, mkono umevunjika pande mbili, jicho limeziba, na anasema ameanguka. Ameangukia mlango, ameangukia mtungi, ameangukia ng'ombe. Mimi nilikuwa nafunga banzi na kunyamaza. Jamhuri hakunyamaza. Siku moja alikuja mama wa shambani aliyekatwa begani, mfupa unaonekana mweupe, akasema alianguka wakati anakata majani ya ng'ombe. Jamhuri aliinama mpaka uso wake ukakaribiana na wa mama yule.

"Hakuna mtu anayeangukia panga, mama. Panga ndilo linalomwangukia mtu."

Alimbana mpaka akataja. Mume akafungwa. Shemeji zake wakachoma jiko la yule mama, wakamfukuza na watoto, na nilipomweleza Jamhuri alisema kesi ya kuchoma nyumba ataishughulikia wakileta mashahidi. Hawakuletwa mashahidi. Niliwaza sana juu ya mama yule na nilimwambia Jamhuri wazi kwamba yeye anashinda kesi na wengine wanabaki kulala nje. Aliniangalia kwa jicho la pembeni na kuniambia niendelee kufunga bandeji zangu. Wiki nzima hatukusalimiana.

Aliwahi kutumwa upande wa Wasso kusaidia kesi ya vijana wawili wa Kimasai waliopigana Arash kwa sababu ya maji ya mifugo. Mmoja alichomwa mkuki, ukapita paja na kutokea nyuma. Jamhuri alisafiri kwenye lori la mahindi, akarudi amepauka kwa vumbi na hasira. Mashahidi wote walifika mahakamani na wote walisema hawakumbuki. Wazee wa pande mbili walikuwa wamekwisha kukaa, ng'ombe wamekwisha kutolewa, na aliyechoma na aliyechomwa walikuja pamoja, wanagawana tumbaku. "Jamhuri imefika msibani majamvi yameshakunjwa, Sista," aliniambia. Ilimuuma sana. Hakuweza kuelewa jambo linawezaje kumalizika bila yeye.

Sasa nifike Daa.

Ilikuwa baada ya vita ya Kagera, wakati bunduki zilikuwa zimeanza kuonekana mikononi mwa watu wasiohusika. Jioni moja wezi waliteremka wakakuta ng'ombe wa majirani wa upande mmoja wa Daa wakitoka majini kwa pamoja. Walikuwa na bunduki moja na mapanga mengi. Walipiga risasi juu, watoto wakakimbia, na mzee aliyekuwa anachunga akainua mkono kuzuia panga. Aliletwa kwangu kwenye machela ya matawi na mkono umening'inia kwa ngozi. Tulimalizia kuukata mimi na daktari msaidizi, kwa dawa ya ganzi isiyotosha, wanaume wanne wamemshika. Bado mzee anatetemeka, Jamhuri akauliza swali lake.

"Walikuwa wanacheka," mzee alisema. "Mmoja alinionyesha mkono wangu mwenyewe."

Nilimwona Jamhuri akigeuka ukutani. Nadhani kuanzia hapo hakuwa mwendesha mashtaka tena katika kesi ile, alikuwa mtu anayetafuta wa kumlipizia kisasi. Wezi walitokomea kuelekea bondeni Eyasi na ng'ombe hawakuonekana tena. Akabaki kutafuta nani aliyewaonyesha njia na saa.

Majirani walikuwa na jibu. Kwetu Wairaqw yowe likipigwa, mwanamume anatupa tonge na kukimbia na mkuki. Hakuna kuuliza ni kwa nani. Jioni ile walikimbia wote ila mmoja, mzee wa kanisa, mtu wa makamo, mwimbishaji wa nyimbo, anayeheshimiwa kila pembe. Nyumba yake ilikuwa karibu kuliko zote. Na tena siku ile ng'ombe wake hawakuwa pamoja na wa wenzake. Walikuwa nyuma ya nyumba yake, wanakula majani yaliyokatwa, hawakuguswa hata mmoja. Watu walijumlisha wenyewe.

Mahakamani alisema alikuwa na homa. Alisema asubuhi ya siku ile alikuja kwangu nikamchoma sindano ya malaria, akarudi kulala, na hakuwa na nguvu ya kunyanyua hata mguu. Niliitwa kutoa ushahidi. Niliapa, nikasema hakuja. Nilisema hivyo kwa sababu hakuja. Siku ile nilikuwa peke yangu kazini na namjua, ningemkumbuka. Yule bwana alinitazama kizimbani bila chuki, kama mtu aliyekuwa ameombea mvua isinyeshe na sasa inanyesha.

Jamhuri alimgeukia hakimu. Mtu anayedanganya kuhusu sindano, alisema, atasema kweli gani kuhusu ng'ombe? Kisha akamwomba mzee aliyekatwa asimame, na mzee akasimama, akainua kipande cha mkono kilichobaki. Hapo hapakuwa na haja ya maneno mengine. Mzee wa kanisa alifungwa miaka saba. Wakati wa kumpandisha kwenye gari la polisi watu wa Daa, waumini wenzake wa jana, walimrushia mabonge ya udongo na mawe. Jiwe moja lilimpasua sikio. Jamhuri alikuwa mbele yake amepanua koti kumkinga, na mengine aliyapokea yeye mgongoni.

Kesi ile ilimpandisha. Majina yalipoanza kutafutwa kwa ajili ya ubunge, wajumbe wa Chama hawakuhangaika; walimtaka mtu aliyewatia adabu wezi wa mifugo. Alikubali haraka, nami niliona wazi kwamba alikuwa amelitaka hilo siku nyingi. Akaaga upolisi. Alipewa alama ya jembe. Mpinzani wake, mwalimu mkuu mmoja mwenye sauti nyembamba, akapewa ya nyumba, na kama ulivyokuwa utaratibu wakapandishwa gari moja wazunguke jimbo pamoja, wakikaa bega kwa bega kwenye vumbi na kusemana vibaya kila wanaposhuka.

Wakati huo huo mke wa mfungwa alikuja kwangu. Alikuwa amekonda, midomo imepauka, na nilipomfunua kulikuwa na harufu niliyoijua. Alikuwa akivuja damu kidogo kidogo kwa muda mrefu. Nilimsafisha, na wakati amelala akinishika kidole ndipo aliponieleza. Siku chache kabla ya wizi mimba yake ilikuwa imetoka. Mama mkwe, bibi wa zamani aliyebatizwa uzeeni, alisema nyumba lazima ifungwe.

Sikuhitaji maelezo zaidi. Mimi ni mtoto wa nyumba kama hizo. Jambo hilo tunaliita metimani. Nyumba iliyopatwa na kifo cha namna ile inajitenga: watu wake hawaendi kwa jirani, hawagusi maji ya wote, hawagawi moto, na mifugo yao haichanganywi na ya wengine mpaka muda uishe. Wanasema ukivunja, unakipeleka kifo kwa watu. Kanisa lilikuwa linapinga jambo hilo kwa nguvu zote, na aliyesimama mbele kulipinga huko Daa alikuwa yule yule mzee wa kanisa. Mwaka uliotangulia alikuwa amesimamia familia ya jirani yake itengwe na meza ya Bwana kwa kosa hilo hilo.

Basi alifanya nini? Aliifunga nyumba yake kimya kimya. Aliwaambia watu ana homa, akawafungia ng'ombe nyuma ya nyumba, akamtii mama yake na kuwaficha waumini wake jambo hilo. Yowe lilipopigwa, mke alisema, alichukua mkuki akafika mpaka mlango wa ua. Mama yake akalala chini pale mlangoni, kifudifudi, akamwambia akitaka kwenda kuwaua watoto wa watu apite juu yake. Akasimama na mkuki, wanasikia risasi, wanasikia mzee wa jirani anavyolia. Kisha akakaa chini, akajiziba masikio.

Nilimuuliza yule mke kwa nini hakuyasema mahakamani. Alisema mume wake alimkataza, na hata sasa amemtumia ujumbe kutoka gerezani kwamba ni afadhali afungwe kama mwizi kuliko mama yake mzazi kuanikwa kanisani na yeye kuitwa mnafiki. Alikuwa amedhani hakimu hamfungi mtu kwa homa. Alikuwa amedhani ni jambo la siku mbili tatu.

Nilimvizia Jamhuri nje ya ofisi ya Chama, nikamvuta mpaka zahanati, chumba kile kile cha vidonda, nikamweleza yote. Alisikiliza amesimama. Aliniuliza maswali mazuri, ya kazi yake: siku gani mimba ilitoka, nani mwingine aliona, ng'ombe walifungwa lini. Nilipomaliza alikaa kwenye kitanda cha wagonjwa, na ilikuwa mara ya kwanza kumwona amekaa humo.

"Mtu huyu hana hatia," alisema.

"Hana. Nenda kamwambie hakimu. Wewe ndiye uliyemfunga, wewe watakusikiliza."

"Baada ya uchaguzi, Sista."

"Kwa nini baada?"

"Kura za Daa zote ni za kesi hii. Nikisema leo kwamba nilikosea, nani atanipa jimbo? Nikishakuwa mbunge nitamtoa kwa siku moja."

Nilikuwa na kibakuli cha chuma cha kuchemshia sindano mkononi. Nilikirusha. Hakikumpata, kiligonga ukuta na kubonyea, na nilikitumia hivyo hivyo kimebonyea mpaka nilipostaafu. Nilimwambia yeye ni mmoja wa wale wanaocheka. Aliondoka, na hakunikasirikia, jambo lililoniudhi zaidi.

Wagombea wale wawili walipofika Daa kwenye mkutano nilikwenda kwa makusudi. Watu walimshangilia Jamhuri sana. Mzee aliyekatwa aliinua kipande cha mkono kumsalimia na watu wakapiga vigelegele. Kisha bibi mmoja aliyejifunga shuka jeusi akasogea polepole mpaka mbele, na watu wakampisha kwa sababu ya umri wake. Alikuwa mama wa mfungwa. Akamuuliza kwa Kiiraqw, na kijana mmoja akatafsiri kwa Kiswahili huku anatabasamu kwa aibu.

"Anauliza mwanawe yuko wapi."

Jamhuri alikuwa na kipaza sauti mkononi. Angeweza kusema lolote. Angeweza hata kusema hajui. Alisema, "Yuko anakostahili," na mkutano wote ukacheka kwa nguvu. Bibi alitazama huku na huku akisubiri tafsiri, na kijana hakumpa. Nikaona Jamhuri akimkabidhi mpinzani wake kipaza sauti kabla dakika zake hazijaisha.

Alishindwa. Daa walimpa zote, na kwingine kote waliipigia kura nyumba. Watu walitafuta sababu nyingi. Mimi nilijisemea kwamba kila mwanamke ambaye Jamhuri aliwahi kumbana ataje jina kwenye chumba changu alikuwa na kura moja, na shemeji zake nao. Mwalimu mwenye sauti nyembamba akaenda bungeni.

Jamhuri naye akafanya alichosema: uchaguzi ulipokwisha, akapanda basi kwenda Arusha kumsemea mfungwa wake. Alirudi na kuja moja kwa moja kwangu. Aliniambia amekaa kwenye benchi ofisi ya kwanza, ya pili na ya tatu, na mwisho kijana mmoja mwenye tai alimuuliza anazungumza kwa niaba ya nani. Alifungua kinywa kujibu, akaona neno alilolizoea si lake tena. Alicheka aliponisimulia, kicheko cha mtu aliyemeza jiwe. Mimi sikucheka wala sikumwonea huruma. Nilimwambia mke wa yule mtu anauza ng'ombe wa mwisho.

Baada ya hapo alibaki Karatu, akalima ekari zake chache za mahindi na maharage kama sisi sote. Watoto waliendelea kumwamkia Jamhuri, lakini wakubwa walimwita Mzee tu. Hakuja tena chumba cha vidonda. Ikawa miaka ya shida, sukari kwa foleni, sabuni hamna, mimi nashona watu kwa uzi wa kushonea magunia niliouchemsha mwenyewe. Mapigano hayakupungua na bidhaa. Mara nyingine nilijikuta nimeshika sindano na kungoja mlango ufunguliwe bila hodi, kisha nikajichukia kwa kungoja.

Yule mzee wa kanisa aliachiwa kabla ya muda kutimia. Nilisikia amerudi Daa, mama yake ameshafariki, hakwenda kanisani wala kwa jirani yeyote, anakaa peke yake na mkewe.

Wiki ile ile, mchana, mlango ulifunguliwa bila hodi. Jamhuri alikuwa amesimama wima, koti lake lile lile la kahawia limetota upande mmoja na kuwa jeusi. Alikuwa ameshikilia bega la kushoto kwa mkono wa kulia na damu inapita katikati ya vidole mpaka sakafuni. Viatu vyake vilikuwa na udongo mwekundu wa njia ya Daa. Nilimlaza, nikakata koti kwa mkasi. Panga lilikuwa limeingia juu ya bega likasimama kwenye mfupa. Lilikuwa pigo moja, la mtu mwenye nguvu, aliyeinua kwa mikono miwili na hakurudia.

"Ulikwenda kufanya nini kule?" nilimuuliza.

"Kumpa pole."

Dawa ya ganzi haikuwapo. Nilimpa kitambaa ang'ate, nikaanza. Nilikuwa katikati ya kushona, askari kijana akaingia na fomu ya polisi, maana watu walimwona akipita barabarani akivuja. Hakumjua. Kwake alikuwa mzee mmoja tu aliyekatwa.

"Mzee, nani amekukata?"

Jamhuri akatoa kitambaa kinywani. "Nimeanguka."

Askari akatazama kidonda, akanitazama. Mkono wangu ulisimama. Nilimwambia Jamhuri, kwa hasira ambayo sikuwa nimejua bado ninayo, kwamba hakuna mtu anayeangukia panga. Kuna bwana mmoja aliwahi kunifundisha hivyo humu humu. Alinitazama usoni. Jasho lilikuwa linamtiririka mpaka masikioni.

"Nilikuwa nakata majani ya ng'ombe," alisema, "nikateleza."

Hakuwa na ng'ombe. Nilijua hilo, na yeye alijua kwamba najua. Askari aliweka fomu juu ya kitanda, akanipa kalamu, akaniuliza kama jeraha lile linaweza kuwa la kuanguka, kwa sababu kama si hivyo itabidi waende wakatafute. Niliwaza juu ya yule mtu kule Daa, amekaa mahali na panga lake akingoja gari lije. Mbele ya mahakama niliwahi kusema kweli tupu, na mtu akaenda gerezani nayo. Nikachukua kalamu kwa vidole vyenye damu, nikaandika alianguka. Askari akaikunja fomu, akashukuru, akaondoka.

Niliendelea kushona. Ilisikika tu sindano ikipenya ngozi na yeye anavyovuta pumzi. Nilipofika mwisho niliinama kama alivyokuwa akiinama yeye.

"Aliyekufanyia hivi, alikuwa analia au anacheka?"

Alifumba macho.

"Alikuwa analia, Sista," alisema. "Maliza kushona."

Nikafunga fundo, nikakata uzi.